Noeli Visiwani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mgeni Atokaye Mlimani



Ifikapo mwezi wa Desemba, watu wengi wa Kwa Mrombo na mitaa jirani hufunga mizigo. Walio wengi huelekea Rombo, Marangu, Machame au Meru kula sikukuu na wazee wao. Lakini miaka hii tunaona jambo jingine pia. Familia, vikundi vya akina mama wanaoweka na kukopa, hata wanakwaya, huchanga fedha mwaka mzima ili Noeli iwakute Unguja. Wanataka kuiona bahari, kutembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na kusali Misa ya mkesha katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Shangani, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili na ambalo lilijengwa kati ya mwaka 1893 na 1898.

Ni jambo jema. Mwili unahitaji mapumziko, na familia inahitaji furaha. Hata hivyo sisi wauguzi tunajua kwamba baada ya sikukuu huja mwezi wa Januari, na pamoja na Januari huja wagonjwa waliotoka safarini: mtoto anayeharisha, mama mwenye mguu uliovimba kwa miiba ya baharini, baba mwenye homa ambayo ameiita uchovu wa safari kwa siku nne. Wengine hatuwaoni tena, kwa kuwa bahari haikuwarudisha.

Ifahamike kwamba kisiwa chenyewe hakina ubaya. Wenyeji wanaishi humo, wanazaa na kuzeeka. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wanajua saa ya maji kujaa, saa ya kukaa kivulini, samaki wa kula na samaki wa kuacha. Mgeni hayajui hayo, na mwili wake umezoea baridi ya Meru. Kwa hiyo neno letu la mwezi huu ni moja: ukiwa mgeni, uliza na ufanye kama wenyeji wafanyavyo, na ukirudi nyumbani usisahau kwamba ulisafiri.

WAGENI WA NOELI YA MWAKA 1860

Si sisi wa kwanza kufika Unguja wakati wa Noeli. Mwezi Desemba mwaka 1860, siku chache kabla ya sikukuu, Padre Armand Fava alishuka Unguja akitokea kisiwa cha Reunion, pamoja na mapadre wenzake na masista. Mojawapo ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuwatibu wagonjwa. Mwaka 1863 misheni hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wakavuka bahari kufungua misheni ya Bagamoyo.

Ukitembelea makaburi ya wamisionari kule Bagamoyo utaona kwamba wengi walikufa wakiwa bado vijana. Homa ziliwamaliza. Wakati ule hakuna aliyejua zinatoka wapi. Watu walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Wale wamisionari walikufa kwa kutojua. Sisi tunajua, na kwa sababu hiyo hatuna udhuru.

KABLA YA KUONDOKA

Safari njema huanzia nyumbani. Wiki mbili kabla ya kuondoka, wafuatao wafike kituo cha afya kuzungumza na muuguzi au daktari:

Mama mjamzito. Ahudhurie kliniki, apate dawa ya kukinga malaria anayostahili kwa tarehe yake, na achukue kadi yake ya kliniki safarini. Aliyekaribia kujifungua ni heri abaki. Safari ya saa nyingi ndani ya basi, kisha boti, si mahali pa kushikwa na uchungu.

Mwenye shinikizo la damu. Wengine hutumia dawa za kupunguza maji mwilini kwa njia ya mkojo. Katika joto la pwani mwili hupoteza maji mengi zaidi kwa jasho, naye huweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Muulize daktari kwanza.

Mwenye kisukari. Insulini huharibika kwa joto. Usiiweke kwenye buti la basi wala dirishani penye jua. Ikiwa hakuna jokofu, iweke katika kichupa ndani ya chungu cha udongo kilicholowa, mahali penye kivuli na upepo. Beba pia kitu kitamu mfukoni kwa ajili ya sukari inaposhuka.

Mwenye selimundu. Kukosa maji mwilini huamsha maumivu makali ya mifupa. Mtoto huyu anywe maji kila mara, asiachwe juani, na asikae muda mrefu kwenye maji ya baridi. Dawa zake za kila siku zisikatike hata siku moja.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaopakiwa chini. Chukua za kutosha safari nzima na siku chache za ziada. Mwenye kadi ya bima aulize ofisi ya bima yake, kabla ya safari, kama itapokelewa huko na katika hospitali ipi.

Katika mkoba wa familia weka: paketi za chumvichumvi za kuzuia kupungukiwa maji, paracetamoli, kipimajoto, pamba na bandeji, kibano kidogo cha kung'olea miiba, siki katika chupa ndogo, mafuta ya kufukuza mbu na chandarua kimoja au viwili.

NJIANI

Toka Arusha hadi Dar es Salaam kwa basi ni zaidi ya kilometa 600. Miguu inayoning'inia saa kumi bila kusogea huvimba, na kwa baadhi ya watu damu huweza kuganda kwenye mishipa. Kila basi linaposimama, shuka utembee. Ukiwa kitini, zungusha vifundo vya miguu. Kunywa maji, usijinyime kwa kuogopa kuomba kushuka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, hasa kwenye shavu la mguu, nenda hospitali. Usiuchue.

Toka Dar es Salaam boti ziendazo kasi huchukua takribani saa mbili. Mtu asiyezoea huchafukwa na bahari. Kula chakula chepesi, si tumbo tupu wala si tumbo lililojaa. Kaa katikati ya chombo, upande wa chini, na utazame mbali pale mbingu na bahari zinapokutana. Tangawizi husaidia. Dawa za kuzuia kutapika zipo kwenye maduka ya dawa, nazo humezwa nusu saa au saa moja kabla ya kupanda, lakini huleta usingizi, na baadhi yake hazifai kabisa kwa watoto wadogo. Mwulize mwuza dawa, umtajie umri.

Kuna jambo zito kuliko kutapika. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Wengi wa waliokufa walikuwa wasafiri wa kawaida kama wewe na mimi. Basi, ukiona chombo kimejaa watu hadi kwenye ngazi, usipande, hata kama tiketi umelipa na kesho ni Noeli. Ukishapanda, tafuta kwanza jaketi la kuokolea liko wapi na mlango wa kutokea uko wapi, kisha ndipo ukae. Hata mashua ndogo ya kwenda kuona samaki au kisiwa cha Changuu, usiipande bila jaketi, na jaketi la mtoto liwe la kimo chake.

Changuu yenyewe ni somo la afya. Majengo yake yalikusudiwa kuwa gereza mwishoni mwa karne ya 19, lakini yakaishia kutumika kama karantini, yaani mahali pa kuwatenga abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Tangu zamani visiwa vimejua kwamba mgeni huweza kuja na ugonjwa. Jambo hili tutalirudia.

JOTO NA JUA

Desemba ni msimu wa joto Unguja. Mchana hufika nyuzi 31 au 32, na usiku haupoi kama kwetu ambako blanketi halikosi kitandani. Zaidi ya hayo hewa ina unyevu, hivyo jasho halikauki. Mwili wa mtu wa Arusha, aliyezoea kuishi zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huhitaji wiki moja au mbili kuzoea hali hiyo. Wageni wengi hukaa siku nne au tano tu, ndiyo kusema huondoka kabla mwili haujazoea.

Tazama wenyeji. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana hawahangaiki barabarani. Wamekaa barazani au wamelala. Kazi na matembezi hufanyika asubuhi na jioni. Fanya vivyo hivyo. Vaa nguo za pamba, pana na nyepesi, zinazofunika mabega na magoti. Kwa kufanya hivyo utajikinga na jua, na papo hapo utakuwa umewaheshimu wenyeji wako ambao walio wengi ni Waislamu. Kanga ni kinga nzuri kuliko mafuta mengi ya madukani.

Kunywa maji kabla kiu haijakubana. Alama rahisi ni mkojo: ukiwa na rangi iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Dafu ni zuri. Bia si maji. Pombe hukausha mwili zaidi.

Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji uangalifu wa pekee. Mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga wa jua, hivyo hata chini ya mwavuli ngozi huungua. Wavae mikono mirefu, kofia pana na miwani, wapake mafuta ya kukinga jua na kurudia kila baada ya saa mbili na kila watokapo majini.

Mtu akilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpepee na mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma mnapomkimbiza hospitali. Usimnyweshe aliyepoteza fahamu.

BAHARI

Tuseme kweli: wengi wetu hatujui kuogelea. Tumekulia karibu na Themi na Naura, mito unayoweza kuivuka kwa miguu wakati wa kiangazi. Anayeona maji ya bahari yametulia, yanang'aa na kufika magotini, hudhani ni yale yale.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yanapopwa hurudi nyuma mbali sana, hata zaidi ya kilometa moja. Utawaona akina mama wakienda kwenye mashamba yao ya mwani, na mgeni naye huwafuata akiokota makombe hadi karibu na mwamba ambapo mawimbi huvunjika. Kisha maji hugeuka. Hayaji yote kutoka mbele. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako. Mama wa mwani anajua saa ya kurudi. Mgeni huja kushtuka maji yakiwa kiunoni. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda zaidi na kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga maji, muulize mvuvi: "Mzee, leo maji yanajaa saa ngapi?" Swali hilo halina gharama.

Kanuni nyingine ni hizi:

1. Mtoto aliye majini awe karibu nawe kiasi cha kumshika kwa kunyoosha mkono. Si kumwona kwa mbali, kumshika. Mtu mzima mmoja apewe zamu ya kuwatazama watoto, asiwe na simu mkononi.

2. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kimejaa maji. Huonekana kichwa kikiinuka na kushuka, na mikono ikipapasa. Ukimya wa ghafla wa mtoto ni alama ya hatari.

3. Aliyekunywa pombe asiingie majini. Wala asiingie mtu usiku baada ya karamu.

4. Mkondo ukikuvuta, usishindane nao kurudi moja kwa moja ufukweni. Utachoka. Elea, inua mkono kuomba msaada, na sogea kandokando ya ufuko hadi nguvu ya mkondo iishe.

5. Usimrukie anayezama ikiwa hujui kuogelea, maana mtazama wawili. Mrushie kamba, mti, au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Aliyetolewa majini na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo. Mlaze chali, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, ziba pua, na umpulizie kinywani pumzi tano ukiona kifua kinainuka. Kisha weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka mara 30, halafu pumzi mbili, na uendelee hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kusema amepona, apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu huweza kuharibika saa chache baadaye.

Kuhusu miguu, vaa viatu vya plastiki au yeboyebo unapotembea majini. Kwenye miamba wapo viumbe weusi wenye miiba mingi mirefu kama nungunungu, na wapo samaki wanaofanana na jiwe wenye sumu kali. Ukichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri uwezavyo kuvumilia, yasiyounguza, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu. Apimaye joto la maji hayo awe mtu mwingine au mguu mwingine, kwani mguu uliochomwa huenda umekufa ganzi. Ng'oa miiba inayoonekana kwa kibano, usichimbe. Aliyechomwa na samaki wa jiwe au taa afike hospitali. Mwenye kisukari naye afike hata kama haoni maumivu.

Ukichomwa na yavuyavu, yule kiumbe laini kama utelezi, suuza kwa maji ya bahari au siki, ondoa nyuzi zake kwa kibano, kisha tumia maji ya moto. Usisugue kwa mchanga, usioshe kwa maji ya bomba, wala usikojolee.

Tukumbushe pia kwamba vijito na mabwawa ya maji baridi, Unguja na Pemba, huweza kuwa na kichocho. Ni afadhali kuoga baharini au bafuni.

CHAKULA NA MAJI

Nani atafika Unguja asionje urojo, pweza na mishikaki ya Forodhani? Onja, lakini kwa akili. Chagua meza yenye wateja wengi ambapo chakula hakilali, na umwambie mpishi akichome mbele yako hadi kiive ndani. Samaki aliyekaa juani, hasa jodari, huweza kukuletea wekundu wa uso, kuwashwa na kichwa kuuma muda mfupi tu baada ya kumla, hata kama amepikwa. Maji ya miwa na juisi zisiwe na barafu usiyojua ilikotoka. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 kilienea bara na Zanzibar pia. Kikipata uchafu, hakichagui mwenyeji wala mgeni.

Wapo viumbe wasioliwa kabisa. Bunju ana sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Nyama ya kasa nayo, mbali na kukatazwa na sheria, huweza kuua. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Ukikaribishwa, kataa kwa adabu.

Anayeharisha aanze mara moja kunywa maji ya chumvichumvi. Kama paketi hakuna, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Mtoto anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida. Macho yakizama, akikosa mkojo, akitoa damu, au akiharisha maji meupe kama ya mchele, asicheleweshwe. Hospitali kuu ya Unguja ni Mnazi Mmoja, mjini. Walio kaskazini wapo karibu na Kivunge, na walio kusini wapo karibu na Makunduchi.

MBU

Hapa panahitaji maelezo, maana wengi hukosea. Watu husema, "Zanzibar hakuna malaria." Ni kweli kwamba kwa vyandarua, kupulizia dawa majumbani na dawa mseto, ambayo visiwa hivyo vilianza kuitumia mwaka 2003, Zanzibar iliishusha malaria hadi kiwango cha chini sana. Lakini haijaisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka tena.

Kisha fikiri kuhusu njia uliyopita. Ulipita Korogwe na Segera, huenda ulilala Tanga au Dar es Salaam. Mbu aliyekuuma huenda si wa Unguja, ni wa njiani. Ndiyo maana wataalamu wa Zanzibar wanahangaika sana na malaria iingiayo na wasafiri kutoka bara. Mgeni huweza kwenda na vijidudu katika damu yake na kuwaachia wenyeji waliomkirimu. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Isiwe mgeni njoo, mwenyeji augue.

Kwetu mjini Arusha malaria ni chache, hivyo miili yetu, hata ya watu wazima, haina uzoefu wa kupambana nayo. Ikitupata hutushika kwa nguvu. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua kila usiku, njiani na kisiwani. Jioni vaa mikono mirefu na paka mafuta ya kufukuza mbu. Wenye upungufu wa kinga na wenye selimundu wamwulize daktari kuhusu dawa ya kinga. Usimeze dawa mseto ya kutibu eti ikukinge. Si kazi yake.

Yupo pia mbu aumaye mchana, aletaye homa ya dengue, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Homa hiyo huleta maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho. Kwa sababu huweza kusababisha kutokwa damu, mwenye homa ya safarini ambaye hajapimwa atumie paracetamoli tu, asitumie aspirini, diklofenaki wala brufeni.

UKISHARUDI NYUMBANI

Hili ndilo tunalowasihi mlishike kuliko yote. Malaria haianzi siku ya kuumwa na mbu. Mara nyingi huchukua siku 7 hadi 14, na pengine zaidi. Aliyeumwa mkesha wa Noeli ataanza kuugua karibu na Mwaka Mpya au wiki ya kufungua shule, akiwa amesharudi Kwa Mrombo, amesharudi sokoni au kazini. Homa itakapoanza atasema, "Sista, ni uchovu tu," au "Ni mafua ya baridi baada ya kutoka kwenye joto." Atanunua vidonge dukani, homa itashuka, itapanda, na siku ya nne atapoteza fahamu.

Basi iwe kanuni ya nyumba yako: homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari ya pwani ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu na dakika zipatazo 15. Na mara ufikapo kwa muuguzi, kabla ya jambo jingine, mwambie, "Nilikuwa pwani." Maneno hayo mawili humwonyesha muuguzi wa mlimani pa kuanzia. Asipokuuliza, mwambie hata hivyo. Ukikutwa na malaria, maliza dozi yote ya siku tatu hata ukijisikia mzima siku ya pili. Kipimo kikionyesha huna, na homa ikaendelea, rudi. Mtoto chini ya miaka mitano na mama mjamzito wasingoje hata usiku mmoja.

Tunajua kwamba Januari mifuko huwa mitupu na ada za shule zinangoja. Lakini gharama ya kipimo ni ndogo kuliko ya kulazwa, na kulazwa ni kudogo kuliko msiba.

Wapendwa, nendeni kwa furaha. Waulizeni wavuvi kuhusu maji, akina mama wa mwani kuhusu njia, na wapishi kuhusu samaki. Kaeni kivulini wanapokaa, na laleni ndani ya chandarua. Mkirudi, mtuletee habari za Minara Miwili, na mkisikia homa, mtuletee hiyo pia mapema.

Tunawatakieni Noeli njema na safari ya salama, kwenda na kurudi.